Kauri ya Japani: Kutoka matanuri ya Arita hadi makabati ya Birmingham

Lugha ya Kiswahili ina neno moja linalobeba vitu viwili ambavyo mtu asingedhani vina undugu. Kauri ni simbi wa baharini, lile gamba jeupe linalong'aa ambalo zamani lilitumika kama fedha kutoka pwani hadi Buganda, na ambalo Waganda hadi leo wamelihifadhi katika neno lao la pesa. Na kauri ni chombo cha udongo mweupe uliochomwa hadi ukawa mgumu kama jiwe na laini kama kioo. Ajabu ni kwamba Waitalia nao, bila ya kuulizana na Waswahili, walifanya vivyo hivyo. Neno lao porcellana, ambalo ndilo mama wa jina la chombo hicho katika lugha nyingi za Ulaya, lilikuwa kwanza jina la simbi huyo huyo. Kila aliyekiona chombo kile kwa mara ya kwanza alikumbuka gamba la pwani.

Msikilizaji, makala haya yanahusu kauri moja mahsusi, ile iliyotengenezwa Japani kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo, na jinsi ya kuitambua na kuithamini. Tutaifuata hadi Birmingham, mji wa viwanda ulio katikati ya Uingereza, ambako siku hizi hukutana makabati mawili: kabati la Mwingereza aliyerithi sahani za bibi yake, na kabati la familia iliyokuja na sanduku kutoka Zanzibar, Mombasa au Kampala.

Kwa watu wa mwambao, sahani nzuri haijapata kuwa chombo cha kulia tu. Katika nyumba za mawe za Lamu, Pate na Zanzibar, kuta zilichongwa zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu, na ndani yake zikawekwa bakuli na sahani za kutazamwa. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza jinsi kuta za vyumba vya Unguja zilivyopambwa kwa vyombo vya kioo na kauri vya thamani. Kombe kubwa jeupe lilikuwa pia dawa: mwalimu huandika aya kwa zafarani, maandishi yakaoshwa kwa maji ya waridi, na mgonjwa akayanywa. Na mtu mkubwa alipofariki, bakuli zake huenda zikajengewa kaburini. Nguzo ya kaburi la Mambrui, kaskazini ya Malindi, ilipambwa kwa bakuli za China za enzi ya Ming, na makaburi ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, yalikuwa na za kwake.

Nyingi mno kati ya hizo zilikuwa za China. Mwanaakiolojia Mwingereza Sir Mortimer Wheeler, alipoizuru Tanganyika mwaka 1955, alistaajabia wingi wa vigae vya Kichina vilivyotapakaa katika magofu ya pwani, akaona kwamba historia ya karne kadhaa za nchi ile imeandikwa kwa vigae hivyo. Merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 wakati ngome ilipozingirwa na majeshi ya Oman, ilipochunguzwa na wapiga mbizi kuanzia mwaka 1977 ilitoa kauri ya China pia. Japani iliingia baadaye, na iliingia kwa sababu ya vita vya watu wengine.

Udongo wa Izumiyama

Japani ilikuwa na wafinyanzi stadi tangu kale, lakini kauri yenyewe haikuijua hadi mwanzo wa karne ya 17. Majeshi ya Toyotomi Hideyoshi yalipoivamia Korea kati ya mwaka 1592 na 1598, mabwana wa Kijapani walirudi na mafundi wa Kikorea, wengi wao kwa nguvu. Mapokeo ya mji wa Arita, katika kisiwa cha Kyushu, yanasema kwamba mmoja wao, Yi Sam-pyeong, ndiye aliyeugundua udongo mweupe katika kilima cha Izumiyama mwaka 1616. Watu wa Arita wanamheshimu hadi leo kama baba wa kazi yao. Ni haki yake. Lakini tusisahau kwamba alifika huko kama mateka.

Kisha mwaka 1644 nasaba ya Ming ikaanguka huko China. Matanuri makubwa ya Jingdezhen yakavurugika, na utawala mpya ukafunga pwani ili kuwakomoa wapinzani wake waliokuwa na meli. Waholanzi, ambao Kampuni yao ya India Mashariki ilikuwa imezoea kupakia kauri ya China kwa shehena nzima nzima, wakabaki na wateja wasio na bidhaa. Walikuwa ndio Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara Japani, wakiwa wamefungiwa tangu mwaka 1641 katika kisiwa kidogo cha Dejima, bandarini Nagasaki. Wakageukia Arita.

Mwaka 1659 Kampuni ilitoa agizo lake kubwa la kwanza, la vyombo makumi ya maelfu. Na hapa pana jambo ambalo vitabu vingi vya Ulaya hulipita kwa haraka: sehemu kubwa ya agizo lile haikukusudiwa Amsterdam, bali bandari ya Mukha huko Yemeni, mji wa kahawa. Yaani kauri ya Japani iliyosafirishwa ng'ambo ilianza safari yake kubwa kwa kuelekea Bahari ya Shamu, kwenye maji ambayo majahazi yetu yaliyajua vizuri. Mimi naona si ajabu hata kidogo iwapo baadhi ya vikombe vile vilishuka na kaskazi hadi Mombasa na Unguja.

Vyombo vya Arita vilishushwa hadi bandari jirani ya Imari ili vipakiwe, na ulimwengu ukaviita kwa jina la bandari. Ndivyo tunavyosema leo "Imari" kwa ile kauri ya buluu iliyokoza, nyekundu ya kutu na dhahabu, iliyojaa maua hadi pembeni. Dada yake mpole ni Kakiemon, jina la ukoo wa Sakaida Kakiemon, anayesifiwa kwa kuleta Arita ufundi wa kupaka rangi juu ya chombo kilichokwisha kuchomwa, yapata miaka ya 1640. Kakiemon huacha nafasi: tawi moja, kware wawili, na weupe mtupu unaofanana na maziwa. Aliyezoea kanga za Mombasa huenda akaipenda Imari kwanza. Kakiemon humjia mtu polepole.

Baada ya mwaka 1683 mfalme Kangxi wa China aliyafufua matanuri ya Jingdezhen, na Wachina, kwa kutaka kuwarudisha wateja wao, wakaanza kuiga Imari ya Kijapani kwa bei nafuu zaidi. Kwa hiyo Japani iliyoanza kwa kuiga China sasa ikaigwa na China. Kiwanda cha Meissen huko Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1710, kikaiga Kakiemon. Worcester, mji ulio karibu na Birmingham, kilianzisha kiwanda chake mwaka 1751 na kikaiga Meissen, China na Japani kwa pamoja. Derby nayo ikaifanya Imari kuwa kama vazi lake la kudumu. Na Paris, kuanzia mwaka 1845, nyumba ya Samson ikawaiga wote. Mtu anayeshika sahani ya Imari mkononi ana washukiwa watano au sita wa kuwahoji kabla ya kusema neno "Japani".

Mji uliolifanya jina la nchi kuwa kitenzi

Birmingham ina uhusiano wa kipekee na mambo haya. Waingereza, kama walivyoliita jina la China kuwa jina la sahani, walilifanya jina la Japani kuwa kitenzi. "Kujapani" sinia kulimaanisha kulipaka vanishi nyeusi inayong'aa na kulioka katika tanuri, kwa kuiga vyombo vya laka vilivyotoka Japani, kwa kuwa utomvu halisi wa mti wa laka haukuweza kustahimili safari ndefu. Kazi hiyo ilistawi Birmingham na miji jirani ya Wolverhampton na Bilston. John Baskerville, ambaye dunia inamjua kwa herufi nzuri za kuchapia vitabu, alipata utajiri wake wa kwanza Birmingham kutokana na kujapani masinia, tangu yapata mwaka 1740. Henry Clay alipata hataza yake mwaka 1772 ya kutengeneza mbao za karatasi ngumu zilizopakwa vanishi hiyo hiyo.

Karne moja baadaye mji huo ukaiendea Japani kwa mara ya pili. Japani ilikuwa imefunguliwa; kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya London mwaka 1862 Waingereza waliziona kazi zake kwa wingi, na kwenye maonyesho ya Vienna mwaka 1873 serikali ya Meiji ilikuja yenyewe na shehena ya vyombo. Kampuni ya Elkington ya Birmingham, iliyokuwa bingwa wa kupaka fedha kwa umeme, ikaanza kutengeneza vyombo vya nakshi kwa mtindo wa Kijapani. Mbunifu Christopher Dresser, aliyeizunguka Japani kati ya mwaka 1876 na 1877, alibuni mabirika na vibebeo kwa ajili ya viwanda vya mji huo. Watu wa tabaka la kati wa Edgbaston na Moseley walitaka sebule zao ziwe na feni ya karatasi ukutani na jozi ya vyombo vya Imari juu ya meko. Ndiyo maana minada ya Birmingham na maonyesho ya vitu vya kale ya kumbi za NEC, zilizofunguliwa mwaka 1976, yamekuwa kwa miaka mingi yakitoa kauri ya Japani kama mti unavyotoa majani.

(Mji huo huo, itafaa tukumbuke, ulikuwa ukitengeneza pia bunduki na vyombo vya shaba kwa ajili ya masoko ya Afrika. Faida iliyonunua vyombo vya maua haikutoka mahali pamoja.)

Kisha wakaja watu wa Afrika Mashariki. Baadhi yao walitoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 1964, Waasia wa Kenya walifuata kwa wingi mwaka 1968, na mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, na fedha za mkononi zisizozidi kiasi cha pauni 50 hivi. Wengi walikwenda Leicester, lakini Birmingham ilipokea sehemu yake. Baadaye wakaja wengine kutoka Kongo, Burundi, Somalia na Tanzania. Aliyeruhusiwa sanduku moja mara nyingi alichagua dhahabu na nguo. Lakini wapo waliofunga buli na vikombe sita ndani ya kanga na shuka.

Wazee hao sasa wanaondoka duniani mmoja mmoja. Watoto hubaki na nyumba ya kuondoa vitu, na huitwa mtu wa kununua vyote kwa bei ya jumla, kabati pamoja na kilichomo. Hapo ndipo elimu ya kutambua inapokuwa na faida ya dhahiri: ndani ya boksi lile la magazeti huenda mna kikombe cha pauni mbili kando ya sahani ya karne ya 17, na anayelinunua boksi analijua hilo kuliko anayeliuza.

Kuanzia chini

Mtu asiyejua hutazama ua. Ajuaye hukigeuza chombo.

Kwanza hakikisha kwamba ni kauri. Ukiinua kikombe mbele ya taa, kauri hupitisha mwanga, na kivuli cha vidole vyako kitaonekana kupitia ubavuni, ingawa sahani nene za Imari hupitisha kidogo tu. Ukikigonga polepole kwa ukucha, chombo kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa sauti butu. Vyombo vya Satsuma, vile vya rangi ya maziwa vyenye nyufa ndogo mno kama utando wa buibui na vilivyosheheni dhahabu na watu wadogo wadogo, si kauri hata kidogo, bali ni udongo wa aina nyingine, na vina elimu yao. Vingi vilitengenezwa baada ya miaka ya 1870 kwa ajili ya wateja wa ng'ambo tu, na Wajapani wenyewe wasingeviweka majumbani mwao.

Kisha tazama kitako. Udongo wa Arita ulikuwa na tabia ya kulegea katikati ya sahani unapochomwa kwa moto mkali. Mafundi waliitegemeza kwa vijiti vidogo vya udongo vilivyowekwa ndani ya duara la kitako, na vilipovunjwa baada ya kuchoma viliacha vidoto: vitatu, vinne, vitano au zaidi, kulingana na ukubwa wa sahani, mara nyingi kimoja katikati na vingine vikikizunguka. Pitisha kidole na utavihisi. Wachina hawakuwa na haja navyo. Kwa hiyo sahani kubwa ya Imari yenye vidoto hivyo ndani ya duara la kitako inaelekea kuwa ya Japani, na isiyo navyo iulizwe maswali zaidi. Uthibitisho kamili haupo, maana sahani ndogo na vikombe vya Arita vingi havina vidoto, na vyombo vya Uingereza navyo vina alama za vitegemezo vyao, ila aghalabu mahali pengine.

Utando wa kioo juu ya kauri ya kale ya Arita una ubuluu au ukijivu kidogo, na ukiutazama kwa upande mbele ya dirisha utaona vishimo vidogo vidogo kama ngozi ya chungwa. Buluu iliyo chini ya utando huwa nzito, wakati mwingine inakaribia weusi, na huenda imevuja kando ya mstari. Nyekundu ya Kijapani ni nene, kidole huihisi. Imari ya China ni nyembamba zaidi kwa mwili, kitako chake kimekatwa kwa unadhifu, na nyekundu yake ni nyepesi na angavu, kana kwamba imepakwa kwa maji. Imari ya Derby, iliyotengenezwa kwa udongo uliochanganywa na majivu ya mifupa, ina weupe wenye joto na wepesi wa ajabu mkononi. Na zile sahani za maua makubwa zilizotundikwa ukutani katika nyumba nyingi za Lamu na Unguja, ambazo watu huziita za Kichina au za Kijapani, ukizigeuza si mara chache utakuta chapa ya Petrus Regout wa Maastricht, Uholanzi. Ni vyombo vya kiwanda vya karne ya 19, vilivyotengenezwa kwa kuyalenga masoko yetu. Havina nasaba ya Arita, lakini vina historia yake, na kwa mtu wa mwambao pengine ndiyo iliyo karibu zaidi na nyumbani.

Alama za chini zimewapoteza wengi. Chombo cha Arita cha karne ya 17 aghalabu hakina jina la aliyekitengeneza. Mara kwa mara kina herufi za enzi ya mfalme wa Ming, kama Chenghua aliyetawala China katika karne ya 15, zilizoandikwa na fundi wa Kijapani kwa kutaka heshima ya kale. Anayeisoma alama hiyo kama tarehe hujikuta amekosea kwa miaka 200 na kwa nchi nzima. Alama za viwanda huanza kuwa na maana katika enzi ya Meiji, kati ya mwaka 1868 na 1912: ua la okidi la Koransha, mlima Fuji na kijito cha Fukagawa. Na buluu ya enzi hiyo ni kali kuliko ile ya kale, kwa kuwa Wajapani walikwisha kufundishwa kutumia kobalti ya Ulaya. Sahani nyingi za buluu na nyeupe za wakati huo zilichorwa kwa kiolezo kilichotobolewa au kwa karatasi ya chapa. Tafuta mahali ambapo mchoro haukukutana vizuri, kama kitambaa kilichoshonwa pindo bila ya kulinganisha maua, na hapo umemjua.

Maneno ya Kizungu ni rahisi zaidi kuyawekea tarehe. Sheria ya ushuru ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1891 ilitaka kila bidhaa itaje nchi yake, na Wajapani wakaandika "Nippon". Mwaka 1921 Wamarekani walikataa neno hilo kwa kuwa ni la Kijapani, na tangu hapo ikawa "Japan" au "Made in Japan". Vilivyotengenezwa wakati nchi ikiwa chini ya majeshi ya Marekani baada ya vita, hadi mwaka 1952, vingi viliandikwa kwamba vimetoka Japani iliyokaliwa. Lakini sheria hiyo ilikuwa ya Marekani. Chombo kilichouzwa Birmingham au Mombasa huenda hakina neno lolote na bado kikawa kichanga. Tena alama za "Nippon" zimeghushiwa sana katika miongo ya karibuni, kwa sababu wapo wanaozikusanya.

Vikombe vya Kijapani vya Mombasa

Familia nyingi za Afrika Mashariki zilizoko Birmingham zinazo seti za chai nyembamba kama ganda la yai, zenye joka lililoinuliwa kwa rangi nene, na pengine uso wa mwanamke wa Kijapani unaojitokeza chini ya kikombe ukikielekeza kwenye mwanga. Watoto husimuliwa kwamba ni za miaka 200. Si za miaka hiyo. Ni za karne ya 20, na safari yake inajulikana.

Kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianzisha safari za kawaida kati ya Japani na Afrika Mashariki mwaka 1926. Mikataba ya kimataifa iliyohusu bonde la Kongo, ambayo asili yake ni Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, iliwanyima Waingereza uwezo wa kuzipendelea bidhaa zao wenyewe kwa ushuru katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mlango ulikuwa wazi, na Japani ikaingia na nguo za pamba kwanza, kisha na kila kitu kilichoweza kuuzwa kwa senti chache. Wenye viwanda wa Lancashire walilalamika sana. Wanunuzi wa Mombasa na Kampala hawakulalamika. Kikombe cha chai cha kauri, ambacho kizazi kimoja nyuma kilikuwa cha sultani na tajiri wa pembe, sasa kiliweza kununuliwa dukani kwa mhindi na karani au mwalimu, kikawekwa kabatini kwa ajili ya wageni wa Idi na wa harusi.

Sokoni Uingereza seti hizo zina bei ndogo, mara nyingi haitoshi chakula cha watu wawili hotelini, kwa kuwa zilitengenezwa kwa maelfu mengi. Mwenye nyumba asishangae wala asiuone kuwa ni ulaghai akiambiwa hivyo.

Bei na thamani

Katika mambo ya kauri, umri si bei. Imari ya kawaida ya enzi ya Meiji, sahani ya ukubwa wa mkono isiyo na kasoro, siku hizi huuzwa mnadani kwa makumi ya pauni tu, kwani vijana wa Uingereza hawataki tena vyombo vinavyojaza sebule. Kakiemon halisi ya mwishoni mwa karne ya 17, hata ikiwa bakuli moja dogo, inaweza kufika maelfu. Kati ya hapo mna mambo matatu yanayoamua: ubora wa mkono uliochora, hali ya chombo, na historia yake. Ufa mwembamba kama unywele unaweza kuondoa nusu ya bei au zaidi. Kilichovunjika na kuungwa hufichwa kwa rangi ya kisasa, ambayo huhisika yenye joto na ulaini ikiguswa kwenye jino, na huonekana tofauti chini ya taa ya miale ya urujuani. Dhahabu iliyochakaa mahali mkono uliposhika ni dalili njema. Dhahabu inayometa kila mahali kwenye chombo kinachodaiwa kuwa cha kale iulizwe.

Bei nazo si moja. Ipo ya bima, ambayo ni kubwa. Ipo ya mnadani, ambayo ni ile ambayo watu wawili wamebishania siku hiyo. Na ipo ya mfanyabiashara mlangoni mwako, ambaye lazima apate faida. Mnadani, mnunuzi hulipa ada ambayo aghalabu huzidi sehemu moja ya tano juu ya bei iliyogongwa, na muuzaji naye hukatwa ya kwake. Mwenye hekima hapeleki kwa mtu mmoja tu, na hamwambii yeyote kiasi anachotarajia. Makumbusho kwa kawaida hayatoi bei, lakini baadhi ya wataalamu wake hukubali kukuambia ni chombo gani, na hilo ndilo swali la kwanza.

Kuhusu bakuli za makaburini nitasema waziwazi. Kunduchi na kwingineko pwani, mtu anayezuru leo huona mashimo ya mviringo kwenye chokaa mahali bakuli zilipokuwa. Ziling'olewa, nyingine zikavunjika zikiwa zinang'olewa, na zilizosalimika zikaingia sokoni. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Uingereza yenyewe, kwa sheria ya mwaka 2003, ilifanya kuwa jinai kufanya biashara ya kitu ambacho mtu anajua kwamba kimeng'olewa kwenye jengo la kihistoria au kufukuliwa kinyume cha sheria baada ya mwisho wa mwaka huo. Chokaa ya korali iliyoshikamana mgongoni mwa bakuli ni ushahidi ambao sabuni hauondoi kwa urahisi, na dalali wa Birmingham anayejiheshimu akiiona atauliza bakuli lilitoka wapi.

Swali hilo huwakera wengi waliokuja na vyombo vyao kwa haki, maana walioondoka kwa siku 90 hawakubeba risiti. Walakini ushahidi si risiti peke yake. Barua iliyotaja seti ya chai inafaa. Orodha ya mizigo ya meli inafaa. Na picha ya zamani inafaa kuliko zote: sherehe ya harusi Kampala au Ng'ambo, bibi arusi ameketi, wajomba wamesimama, na nyuma yao, kwenye rafu ya kabati la vioo, buli lile lile lenye pengo dogo kwenye mdomo wake. Chukua picha hiyo, andika nyuma yake majina na mwaka kwa penseli wakati wapo wanaokumbuka, na uiweke ndani ya buli.